Mkono wa Livingstone: mfupa uliokataa kuungana

Mwenye kutoka Bujumbura kushuka kusini, pembeni ya ziwa, atafika Mugere, kisha ataona jiwe kubwa lenye majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe ya 25 Novemba 1871. Watu wa Uvira wanaonapo milima ya ile pande kila asubuhi, ng'ambo ya maji. Lakini wale wazungu wawili hawakuishia pale. Walisonga paka ku Rusizi, wakazunguka kichwa cha ziwa, wakafika Uvira. Na mmoja kati yao, mwenye kuwa mzee zaidi, alibeba mu mkono wake wa kushoto mfupa uliovunjika tangu miaka 27 na haukuungana tena.

Ndugu wasomaji, wapapa na wamama wa kambi, jina la Livingstone wote tulilisikia ku masomo. Tuliambiwa habari ya mito na maziwa, ya watumwa, ya mkutano wa Ujiji. Habari ya mwili wake hawakutuambia mingi. Sisi leo tutaacha mito pembeni, tutafuata ule mfupa. Mu nyumba za wachimbaji tunajua namna inavyokwenda: mti wa shimo unaanguka, mawe yanateleza, baba analetwa nyumbani na mguu ao nyonga iliyoharibika, halafu wiki chache nyuma watu wanaanza kumsukuma asimame, arudie kazi, ajionyeshe mwanaume. Livingstone alikuwa munganga mwenye diploma, na bado alifanya vile vile.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 kule Blantyre, mu Scotland. Hakuwa mtoto wa watajiri. Akiwa na miaka 10 alitiwa kazi mu kiwanda cha pamba, kuanza saa kumi na mbili za asubuhi paka saa mbili za usiku. Alikuwa anaweka kitabu juu ya mashine, anasoma mstari kwa mstari akipita na kurudia. Kwa ile njia ngumu alifika kusoma unganga, akapewa ruhusa ya kutibu mu 1840, na mwisho wa ule mwaka akapanda meli ya kuja Afrika ya Kusini.

Mu Februari 1844 alikuwa Mabotsa, kijiji cha upande ule wa kusini. Simba walikuwa wanakula ngombe za watu. Wakaenda kuwawinda. Livingstone akapiga mmoja risasi mbili, na akiwa anatia zingine mu bunduki, simba akamrukia, akamkamata ku mkono wa kushoto, karibu na bega, akamtikisa sawa mbwa anavyotikisa panya. Mwenye kumwokoa alikuwa Mebalwe, mwalimu Mwafrika, mtu mzima. Aliinua bunduki yake, mitambo yote miwili ikakataa kulipuka, lakini simba akamwacha Livingstone akamfuata yeye, akamwuma ku paja. Mtu wa tatu akaja na mkuki, akaumwa ku bega. Kisha simba akaanguka, akafa kwa zile risasi za kwanza. (Mebalwe hana jiwe lenye jina lake pale Mugere, wala pahali pengine tunapojua sisi. Bila yeye Livingstone hangefika Uvira.)

Ku mkono kulikuwa matundu 11 ya meno, na mfupa wa juu, kati ya bega na kiwiko, ulipondeka vipande vipande. Tufikiri kidogo nini munganga alikuwa nayo mu ile mwaka. Dawa ya kulaza mgonjwa kabla ya kumpasua ilianza kutumika 1846. Plasta ya kufungia mfupa, namna tunavyoijua, ilikuja 1852. Dawa ya kuua mikrobi mu kidonda cha mfupa ilijaribiwa na Joseph Lister kule Glasgow, mu Agosti 1865, juu ya mtoto aliyekanyagwa na gari la farasi. Picha ya radio ilivumbuliwa 1895. Livingstone hakukuwa na kitu hata kimoja cha hivi. Alilala pale, na kwa maumivu yale akaanza kumwonyesha mwenzake misionari, ambaye hakujua unganga, namna ya kukaza mfupa na kufunga. Mgonjwa akawa munganga wa mwili wake mwenyewe.

Kidonda kilitoa usaha siku mingi. Alipelekwa Kuruman kupumzika, na kule njo alimpata Mary Moffat, mtoto wa misionari mkubwa wa pale. Walioana Januari 1845. Hapo katikati alirudia Mabotsa kujenga. Mkono ulikuwa umeanza kukauka. Siku moja, akijenga masomo, jiwe likaanguka, naye bila kufikiri akalidaka na mkono wa mgonjwa. Karibu uvunjike mara ya pili. Ukavimba tena, homa ikamshika vikali hata akatafuta moto wa kuota wakati wa joto.

Sisi tunaona hapa njo mahali mambo yaliharibika, ao walau mahali yalikosa nafasi ya kutengenezeka. Mfupa kupona si habari ya roho ngumu. Vipande viwili vinapashwa kugusana, kutulia, kupata damu nzuri, na kidonda kisiwe na uchafu. Kikikosekana kimoja, vipande vinaendelea kutembea kila mtu anapotikisika, na katikati yao mwili unatengeneza nyama ngumu pahali pa mfupa. Ncha zinakuwa laini, zinateleza moja juu ya ingine. Wanganga wetu wanaita hii pseudarthrose. Tuseme: kiungo cha uongo. Mkono unapinda pahali Mungu hakuweka kiwiko.

Livingstone alibaki na kiungo cha uongo maisha yake yote. Kuinua ule mkono kupita bega ilikuwa taabu, na kupiga bunduki alilazimika kutumia bega la kushoto na jicho la kushoto. Lakini yeye alijihesabu mwenye bahati. Alifikiri koti lake lilipangusa sumu ya meno ya simba, maana wenzake wawili waliumwa bila koti na waliteseka zaidi. Yule wa bega, mwaka uliofuata, mwezi ule ule, kidonda chake kilifunguka tena. Mwenye kuwa na chuma mu nyonga ao mu paja anaelewa: kidonda kinaweza kufunga ku ngozi, huku ndani hakijamaliza.

Na ule mkono alivuka Afrika nzima, kutoka Luanda mu 1854 paka Quelimane mu 1856. Safari ya Zambezi, 1858 paka 1864, ilikwenda vibaya; bibi yake Mary alikufa kule Shupanga mu Aprili 1862.

Aliporudia Uingereza mu 1864 kulitokea jambo moja ambalo sisi tunaliona kubwa kupita simba. Alikuwa anaugua ugonjwa ingine, wa siri: bawasiri, ile inayotoa damu wakati wa kwenda choo. Munganga mkubwa wa Edinburgh, James Syme, alimshauri apasuliwe. Livingstone akakataa. Sababu yake kubwa haikuwa kisu. Aliona haya: alikuwa mtu wa sifa, hakupenda magazeti yaandike ugonjwa wa sehemu ile. Akaondoka Uingereza mu Agosti 1865, ule mwezi Lister alipojaribu dawa yake Glasgow. Akabeba kwenda Afrika mfupa usioungana na mshipa unaovuja damu.

Tunajua wanaume wangapi mu kambi wanaofanya hivi? Tusiwaulize. Tuendelee.

Mu Januari 1867 watu wawili wa msafara walitoroka na sanduku la dawa. Kinini yote ikapotea. Livingstone aliona sawa vile amehukumiwa kufa. Akaendelea tu, paka kwa Kazembe, paka ziwa Moero. Mu Januari 1869 mapafu yalimshika, akakohoa damu, akashindwa kutembea mara ya kwanza mu maisha yake. Watu wakambeba mu machela paka pwani ya magharibi ya Tanganika, wakamvusha na mtumbwi kufika Ujiji mu Machi. Alipopata nguvu kidogo, akavuka tena kuingia Maniema. Mu 1870, kule Bambarre, pale tunapoita leo Kabambare, vidonda vilimla miguu. Alilala siku 80 mu nyumba bila kutoka. Kila alipokanyaga chini, damu na maji vilitoka. Dawa iliyomsaidia ilikuwa jiwe: malakiti, lile jiwe la kijani la shaba ambalo wasomaji wetu wa Kolwezi na Likasi wanalijua kuliko wanganga. Alilisugua na maji juu ya jiwe lingine, akapaka na manyoya ya ndege. (Mama, usipake mtoto malakiti. Siku hizi iko dawa, na lile vumbi lenye kuingia mwilini si zuri.)

Alipotoka pale alifika Nyangwe, pembeni ya Lualaba, na kule, tarehe 15 Julai 1871, akaona watu wa wafanyabiashara wa pwani wakipiga risasi ndani ya soko lililojaa wamama. Walikufa zaidi ya 300, wengi mu maji. Aligeuza njia, akarudia Ujiji mu Oktoba akiwa mifupa tu, akakuta vitu vyake vyote vimeuzwa. Siku chache nyuma Stanley akatokea na chakula, nguo na barua.

Hapo njo tunafika kwetu. Tarehe 16 Novemba walipanda mtumbwi mkubwa wa mti wa mvule, walioazimwa na mfanyabiashara wa Ujiji, na watu 16 wa kupiga kasia. Walitaka kujua neno moja: Rusizi inatoka mu ziwa ao inaingia? Burton na Speke walifika Uvira mu Aprili 1858 na swali lile lile, wakarudi bila kuona mto kwa macho. Burton naye alikuja hapa mgonjwa, ulimi wenye vidonda, miguu iliyokuwa imekataa kutembea miezi ya nyuma. Ni kusema wazungu wa kwanza kuona Uvira waliletwa na mabega na makasia ya watu wengine, karibu sawa mizigo.

Kwa chifu Mukamba, Stanley alishikwa na homa. Livingstone, mzee mwenye mkono mmoja mzuri, akakaa karibu yake akamwuguza kama mtoto. Kisha wakaenda mu matete ya mdomo wa Rusizi, wakaona maji yanaingia mu ziwa kwa nguvu. Ilikwisha pale: Rusizi si mto wa kutoka, na ziwa letu halikuwa mwanzo wa Nili ku ile pande. Wakazunguka, wakapita Uvira, wakashuka na pwani yetu ya magharibi.

Kusini, ku rasi iliyoitwa Luvumba, watu wa pale waliwazunguka na hasira. Walikuwa na haki ya kukasirika: mtoto wa chifu wao aliuawa na mfanyabiashara wa ng'ambo, na waliona kila msafara ni wa namna moja. Stanley alikuwa tayari na bunduki. Livingstone akavuta nguo juu, akawaonyesha ngozi ya mkono wake, akasema nao pole pole kwamba yeye si wa wale. Walitulia kwa muda. Usiku fujo ilirudi, wakasukuma mtumbwi wakaondoka. Walifika Ujiji karibu ya katikati ya Desemba, siku 28 zimepita.

Stanley alimwomba warudi pamoja Uingereza, atibiwe, apumzike, apone vizuri, halafu ndipo arudie kazi. Shauri nzuri kabisa. Livingstone akakataa mara ya pili. Waliachana karibu na Tabora tarehe 14 Machi 1872. (Stanley yule, miaka michache nyuma, akawa mtu wa mfalme Leopold, na mambo yake mu Kongo tunayajua. Hiyo ni habari ya siku ingine.)

Mwisho wake ulikuja kwa ule ugonjwa wa haya. Mu maji na matope ya Bangweulu damu ilitoka bila kusimama. Mu Aprili 1873 hakuweza tena kukaa juu ya punda. Susi, Chuma na wenzao wakamtengenezea kitanda cha miti wakambeba. Tarehe 1 Mei, mu kijiji cha Chitambo, walimkuta amepiga magoti pembeni ya kitanda, amekufa. Alikuwa na miaka 60.

Turudie kidogo ku mifupa, maana wengi mu wasomaji wetu habari yao iko ku nyonga, si ku mkono. Shingo ya mfupa wa paja inafanya vile vile sawa mkono wa Livingstone: ikivunjika, damu yake ni kidogo, inaweza kukataa kuungana. Pengine kichwa cha mfupa kinakufa polepole bila kuvunjika, sana sana kwa wagonjwa wa SS. Zamani mtu alibaki na fimbo mpaka kaburini. Kuanza 1962, kule Wrightington mu Uingereza, munganga John Charnley alifikia namna ya kuondoa kichwa kile na kuweka cha chuma chenye kucheza ndani ya kikombe cha plastiki. Kabla ya pale alishindwa vibaya: kwa wagonjwa karibu 300 alitumia plastiki nyingine, ikasagika, unga wake ukala mifupa, akalazimika kuwapasua tena mmoja mmoja. Alijidunga hata yeye mwenyewe ile plastiki mu paja ili aone inachofanya mu nyama.

Njo maana mwenye nyonga mpya hapana kusema imekwisha siku anapotoka hopitali. Kidonda kikianza kutoa maji ao usaha, homa ikipanda, mguu wa chini ukivimba na kuuma, pumzi ikikata gafula, ao mguu ukionekana mfupi na hauwezi kukanyaga: ni kurudi kwa munganga ile siku ile ile, hata kama ni usiku, hata kama bibi mkwe anasema ni baridi tu. Kuchuchumaa na kukaa ku kiti cha chini sana, ngojea kwanza munganga akubali. Na jiwe likianguka, liache lianguke.

Susi, Chuma na wenzao walikausha maiti siku 14 ku jua, na chumvi. Moyo waliuzika chini ya mti pale Chitambo, na kijana Jacob Wainwright akasoma sala. Mwili wakaufunga mu maganda ya mti na kitambaa, wakaubeba kwa miguu paka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Baadhi yao walikufa njiani.

Ulipofika London tarehe 15 Aprili, watu walikuwa na mashaka. Uso haukutambulikana tena. Nani atahakikisha kwamba hawa Waafrika hawakuleta maiti ya mtu mwingine? Wakaita munganga William Fergusson, fundi mkubwa wa viungo, mmoja wa wale wa kwanza kuondoa kiungo kilichooza, hata kichwa cha paja ku nyonga, pahali pa kukata mguu mzima. Hakuangalia uso. Alishika mkono wa kushoto, akautikisa, ukapinda chini kidogo ya bega. Akafungua nyama, akakuta vipande viwili vya mfupa visivyoungana, na kiungo cha uongo katikati, kile ambacho wanganga walikiona alipokuwa mzima.

Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa Westminster. Jacob Wainwright alikuwa kati ya waliobeba pembe za kitambaa cha jeneza. Susi na Chuma hawakuitwa kwa wakati. Walifika Uingereza wakati kaburi lilikuwa limekwisha kufungwa.